Shangazi, niwapokee tena wanafunzi wa chuo likizo hii?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha watoto wenye usonji (autism). Watoto wetu ni kumi na wanne, mdogo ana miaka 5 na mkubwa ana 13. Shule ikifungwa kwa likizo ndefu, wengi wao hukaa ndani mpaka ifunguliwe. Ninapowapokea tena huwa kama naanza upya. Aliyekuwa ameshajua kuomba kwenda chooni kwa kuonyesha picha amesahau, na aliyekuwa anakaa mezani na wenzake hataki hata kuvuka kizingiti cha darasa. Wazazi nao wanarudi hoi. Ndiyo maana likizo iliyopita tulianzisha programu ya asubuhi, na chuo kimoja kikatuletea wanafunzi wa ualimu, saikolojia na ustawi wa jamii waje kutusaidia.

Niliyoyaona yamenigawa moyo. Siku za mwanzo walijaa, wakipigania kumshika kila mtoto mkono. Baadaye wakapungua mmoja mmoja. Wengine walifika tu siku ya kusainiwa fomu zao za mafunzo kwa vitendo.

Kuna mtoto wa miaka 8, nitamwita Juma. Siku moja alimwendea mwanafunzi mmoja, akamvuta mkono na kumwambia, "Unataka maji?" Kijana akatabasamu, akajibu, "Hapana, asante, mimi sitaki." Juma akarudia, "Unataka maji?" Kijana akacheka, "Nimesema sitaki, rafiki yangu." Mara ya tatu Juma alipiga ukelele na kujing'ata mkono mpaka alama za meno zikabaki. Nilipofika na kikombe, alikunywa maji yote, akanirudishia kikombe na kusema yale yale, "Unataka maji?" Yule kijana alisimama pale uso umemshuka. Hakurudi tena.

Lakini palikuwa pia na binti mmoja wa mwaka wa pili. Alipewa mtoto asiyesema, ambaye kutwa hupanga vizibo vya chupa kwenye mkeka, na mtu akimsogelea hugeuza mgongo. Yule binti alikaa kwenye mkeka, mbali kidogo, naye akaanza kupanga vyake. Hakumsemesha. Siku zikapita hivyo. Halafu asubuhi moja mtoto akachukua kizibo chekundu, akanyoosha mkono na kumwekea binti kwenye mstari wake. Mama yake nilipomweleza alilia. Programu ikaisha, binti akarudi masomoni. Shule ilipofunguliwa, kila asubuhi mtoto yule alikuwa akienda kukaa kwenye ule mkeka na kutazama mlango.

Na la mwisho: mama mmoja aliikuta picha ya mwanawe mtandaoni, imewekwa na mwanafunzi, mtoto akiwa analia, na maneno ya kumhurumia chini yake.

Sasa chuo kimeandika tena. Kinataka kutuletea wanafunzi thelathini. Mkuu wa shule amefurahi, anasema ni nguvu kazi ya bure. Wazazi wamegawanyika. Mmoja aliniambia, "Mwanangu si kifaa cha mazoezi." Mwingine ananisihi nisikatae, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu asiye wa ukoo akifurahia kuwa na mtoto wake. Shangazi, nikatae? Na nikikubali, niwapokeeje?

Mwalimu aliye njia panda

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa kazi.

Wapokee. Ila usipokee thelathini. Una watoto kumi na wanne, kwa hiyo chukua wanafunzi kumi na wanne na wawili wa akiba, basi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa watoto wako jambo hili ni zito zaidi, maana wamo ambao kiti kikiburuzwa tu masikio yanawauma. Ukiwamwagia nyuso thelathini ngeni, manukato thelathini na sauti thelathini asubuhi moja, utakuwa umewapa mzigo kabla hujawapa msaada. Mwambie mkuu wako kwamba mikono isiyosimamiwa si ya bure. Utakayeilipia ni wewe, nao watoto watailipia zaidi.

Kila mwanafunzi mpe mtoto mmoja. Usimpe "shughuli ya michezo" wala "meza ya rangi". Mpe mtoto mwenye jina, na kazi yake likizo nzima iwe kumjua huyo mtoto. Hakuja kumtibu. Hakuja kumfanya aseme kabla likizo haijaisha, wala kumwonyesha mama miujiza. Ajue anachopenda, kinachomtisha, namna anavyosema ndiyo na anavyosema hapana, na ishara gani hutangulia kabla hajazidiwa. Ukimweka sawa hapo, mengi uliyoyalalamikia yatakuwa yamepata dawa.

Tuanze na Juma, kwa sababu kisa chake kimeniuma. Mtoto yule aliomba maji vizuri kabisa. Kila anapopewa maji husikia mtu mzima akimuuliza, "Unataka maji?" Kwake yeye hayo ndiyo maneno ya maji, ndiyo anayoyatumia. Daktari mmoja aitwaye Leo Kanner, aliyeandika maelezo ya watoto kumi na mmoja wenye usonji mwaka 1943, aliliona jambo hili hili: watoto wanarudia sentensi kama walivyoisikia, "wewe" ikibaki "wewe" hata pale wanapojisemea wenyewe. Kwa miaka mingi watu walikuona kurudia huko kama kelele zisizo na maana. Leo tunajua kwamba mara nyingi ni mawasiliano. Sasa, yule kijana angejuaje? Hakuna aliyemwambia. Alijibu kwa adabu kama alivyolelewa, akaishia kumnyima maji mtoto mwenye kiu mara mbili, kisha akaondoka akidhani yeye hafai. Sentensi moja kwenye karatasi ingewaokoa wote wawili: *Juma akisema "Unataka maji?" ana kiu, mpe maji, na unapompa sema "Nataka maji" ili asikie namna ya kujisemea.*

Karatasi hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Kila mtoto awe na ukurasa mmoja, usizidi, na uuandike pamoja na mzazi. Wewe unamjua wa darasani, mama anamjua wa saa nane za usiku. Andikeni anavyoomba, anavyokataa, sauti au mguso unaomuumiza, kinachomtuliza, chakula asichogusa, kama ana kifafa au dawa, kama hukimbia na huwa anakimbilia wapi. Mwanafunzi aisome kabla hajamwona mtoto, na aje na maswali. Kisha mzazi amwone mwanafunzi uso kwa uso. Kumkabidhi mtu usiyemjua mtoto asiyeweza kukusimulia jioni yaliyompata mchana si jambo dogo. Nisingekubali, na wala usitarajie mzazi mwingine akubali.

Hapa namjibu pia yule mzazi aliyesema mwanawe si kifaa cha mazoezi. Yuko sahihi, na wasiwasi wake una historia. Kuwatumia wanafunzi wa chuo kwa watoto wenye usonji si jambo jipya. Kule Marekani, katika chuo kikuu cha UCLA, mwanasaikolojia Ivar Lovaas aliwafundisha wanafunzi wake wakae na watoto mmoja kwa mmoja, na mwaka 1987 akachapisha matokeo ya watoto kumi na tisa waliofundishwa kwa saa kama 40 kwa wiki. Waliofanya kazi hiyo siku kwa siku, majumbani na shuleni, walikuwa vijana wa chuo. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba vijana hawawezi. Wakifundishwa na kusimamiwa wanaweza kazi ngumu sana. Lakini katika kazi ile ile mtoto alikaripiwa kwa sauti kubwa, na wakati mwingine alipigwa kofi pajani. Na wapo watu wazima wenye usonji wanaosema leo kwamba mafunzo ya namna ile yaliwafundisha kujificha, wasionekane walivyo. Kijana wa miaka 20 atafanya kwa bidii lile ulilomfundisha. Ukimfundisha kwamba lengo ni mtoto aache kupunga mikono hewani na akuangalie machoni, atamfuata mtoto kutwa nzima akimshika mikono na kumgeuza uso, tena akiamini anamsaidia.

Mimi napenda zaidi njia ya TEACCH, iliyoanzishwa rasmi katika jimbo la North Carolina, huko huko Marekani, mwaka 1972 na mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake. Wao waliwafanya wazazi kuwa washirika katika kazi, na wakaanza kwa kupanga mazingira yamfae mtoto kabla ya kumdai mtoto abadilike. Mahali pa kucheza pajulikane, mahali pa kazi pajulikane, na ratiba ya siku ibandikwe kwa picha ili mtoto aone kinachofuata na lini anarudi nyumbani. Hili mwanafunzi wa chuo analiweza. Halihitaji shahada, linahitaji utaratibu na mtu anayefanya leo kama alivyofanya jana.

Mafunzo, basi. Usiwape mhadhara. Maana ya usonji wataisoma wenyewe. Chukua siku mbili tatu kabla watoto hawajaja, uwafanyishe mazoezi. Mmoja awe mtoto, mwingine awe mlezi. Wajifunze kuuliza swali kwa maneno machache na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda vijana. Mtoto anahitaji muda wa kulipokea swali, kulielewa na kutafuta jibu, na kijana akiona kimya cha sekunde tatu anauliza tena kwa maneno mengine, hapo mtoto anaanza upya. Waambie wahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wazoee kusema "kwanza viatu, halafu bembea" huku wakionyesha picha, badala ya hotuba ndefu ya kwa nini tunavaa viatu. Kama mtoto anatumia kadi za picha au tableti kuzungumza, nao wajifunze kuitumia, na wasimnyang'anye kwa hofu kwamba itamzuia kusema. Tafiti zilizokusanywa hazikuonyesha kwamba vifaa hivyo vinazuia usemi, na kuna watoto ambao usemi wao uliongezeka.

Wafundishe pia kumtofautisha mtoto anayedeka na mtoto aliyezidiwa, kwa sababu hapa ndipo mtu mzima anapokosea vibaya. Anayedeka anakutazama kuona kama utampa. Aliyezidiwa hakutazami, hana anachodai, mwili wake umejaa na umefurika. Kumkaripia huyo, kumwahidi zawadi, kumwita jina mara kumi, yote ni kumwongezea. Punguza maneno. Punguza watu. Zima redio, fungua nafasi, ondoa vitu vya kumuumiza, kaa karibu bila kumshika, na usubiri. Mwanafunzi asimlaze mtoto chini wala kumkandamiza, hata kama amewahi kuona wengine wakifanya. Ikifika hatari ya kujiumiza sana, hilo ni lako wewe mwalimu na wenzako wenye mafunzo. Mwanafunzi aite tu.

Na yule binti wa vizibo hukunieleza kama kuna aliyemfundisha kukaa mbali kidogo na kupanga vyake bila kusema. Labda alijua, labda alikuwa na utu tu. Lakini jambo hilo linafundishika, na ningelifanya liwe zoezi la kwanza: asubuhi ya kwanza, mwanafunzi asimfundishe mtoto kitu chochote. Akae alipo mtoto, afanye anachofanya mtoto, aache mtoto ndiye amkaribishe. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili, kwamba na sisi tunashindwa kuwasoma wao kama wao wanavyoshindwa kutusoma. Tumezoea kumpa mtoto peke yake kazi ya kuvuka daraja. Hapa mwanafunzi ndiye mkubwa, avuke yeye.

Nikiwa hapo hapo: chuo chochote kikubwa kina wanafunzi wenye usonji, wengine wanajulikana na wengine wamenyamaza. Waandikie wenye chuo kwamba hao wanakaribishwa hasa, bila kumlazimisha mtu kujitaja. Mtoto wa miaka 10 anayeziba masikio, akimwona kaka mkubwa wa chuo naye amevaa vizuia kelele na hakuna anayemshangaa, amepata kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kumpa.

Usalama sitaupaka mafuta. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji walishajaribu angalau mara moja, baada ya kutimiza miaka 4, kutoroka mahali walipopaswa kuwa. Maji ni hatari kubwa kwa wanaotoroka, kwani wengi huvutwa nayo. Kwa hiyo getini awepo mtu mzima wa shule ambaye kazi yake ni geti tu. Watoto wahesabiwe kila mnapohama kutoka mahali kwenda pengine, na mwanafunzi anayesimama na mtoto wake asimwachie mwenzake kwa ishara ya macho, aseme kwa sauti, "Nakuachia Juma," na mwenzake ajibu, "Ninaye." Mwanafunzi asikae na mtoto mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayewaona. Chooni na kubadilisha nguo ni watu wa shule waliokubaliwa na mzazi. Dawa vivyo hivyo. Kila mwanafunzi achunguzwe rekodi yake kabla hajaingia, na chuo kikisema kimemdhamini, shukuru kisha mchunguze. Watoto wasioweza kusimulia ndio wanaotafutwa na wenye nia mbaya, na kanuni hizi zinamlinda pia kijana mwema asisingiziwe.

Simu zikae kwenye kikapu mpaka watoto waondoke. Mtoto anayelia hajampa mtu ruhusa ya kumpiga picha, na siku moja atakuwa mtu mzima na picha hiyo ipo. Yule mama anastahili kuombwa radhi na chuo kwa maandishi, na picha ifutwe kama bado ipo. Usiifunge habari hiyo kabla hayo mawili hayajafanyika.

Kuhusu kupungua mmoja mmoja, usiwalaumu wote. Umejua ni wangapi walikosa nauli? Wangapi walikuwa na kazi ya kuwapatia ada? Kujitolea kunawafaa waliotoka kwenye nafuu, na wengine hukatika njiani kwa aibu bila kusema. Mkuu wako aliyeona nguvu kazi ya bure atenge fungu la nauli na chakula cha mchana. Kisha usiwatake siku zote tano. Afadhali mwanafunzi aahidi siku tatu, zile zile kila wiki, na picha yake ibandikwe kwenye ratiba ya mtoto siku hizo tu, kuliko aahidi tano na aje mbili. Siku zinazobaki mtoto awe na mtu wake wa pili, mmoja wa wale wa akiba au mwalimu, anayejulikana naye, ambaye pia amesoma ule ukurasa. Wenye fomu za kusainiwa si wabaya. Mafunzo kwa vitendo ni haki yao. Ila saini ifuate mahudhurio, na mhadhiri wao aje kuwaona kazini mwenyewe, si kwa simu. Chuo kinacholeta wanafunzi bila msimamizi kinakupa kazi yake uifanye wewe.

Unapowasaili, waulize swali moja: "Mtoto akikupa mgongo asubuhi nzima, utafanya nini?" Atakayesema atamchangamsha mpaka acheke, mpeleke kwenye maandalizi ya vifaa. Atakayesema atakaa karibu, atatazama anachopenda na kurudi kesho, huyo mpe mtoto.

Kila siku watoto wakiondoka, kaeni pamoja nusu saa. Aliyeng'atwa aseme ameng'atwa. Aliyeogopa aseme ameogopa, na asichekwe. Yule kijana wa maji angekaa kwenye kikao cha namna hiyo jioni ile ile, akaelezwa Juma alikuwa anasema nini, naamini angerudi kesho yake na kikombe mkononi. Hapo hapo waandike mistari michache kwenye daftari la mtoto: kilichotangulia, kilichotokea, kilichofuata. Wasiandike "leo alikuwa msumbufu." Waandike "kengele ililia, akaziba masikio, akakimbilia ukutani, nilipomtoa nje alitulia." Shule ikifunguliwa, madaftari hayo yawe mezani kwako. Ulilalamika kwamba kila likizo unaanza upya. Ukiwa na lengo moja dogo kwa kila mtoto, kwa mfano kuomba kupumzika kwa kuonyesha kadi, na daftari linaloonyesha alivyofika, utaanzia alipoishia. Lengo moja tu. Likizo ni likizo, na watoto hawa nao wana haki ya kucheza, kuloa na kuchafuka bila kila mchezo kugeuzwa somo.

Sasa kuagana, ambako nadhani ndiko kulikokufanya uniandikie. Mtoto yule wa mkeka hakuumia kwa sababu alipendwa. Aliumia kwa sababu mtu alitoweka kwenye ratiba yake bila kuelezwa. Wengine watakushauri uwazuie wanafunzi wasizoeane sana na watoto. Usiwasikilize. Bila kuzoeana hakuna kazi yoyote itakayofanyika. Dawa ni kwamba siku ya mwisho iwepo tangu siku ya kwanza. Bandika kalenda kubwa yenye picha ya mwanafunzi kwenye siku zake, na baada ya siku ya mwisho iwepo picha ya darasa na yako wewe. Kila siku mtoto na mwanafunzi wake waifute siku moja pamoja. Carol Gray, mwalimu wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kuandika vihadithi vifupi vya kumweleza mtoto jambo litakalotokea, kwa maneno ya kweli na yasiyomtisha. Waandikie kila mtoto chake: "Dada Fulani yuko nami wakati wa likizo. Likizo ikiisha, Dada Fulani atarudi chuoni. Mimi nitarudi darasani kwa Mwalimu. Naweza kuitazama picha yake." Kisomwe mara nyingi, kabla ya wiki ya mwisho. Na asitokee mwanafunzi wa kumwambia mtoto "nitarudi" ili kuikwepa huzuni yake mwenyewe. Kama ana uhakika wa kuja tarehe fulani, tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda. Kama hana, amwambie kwaheri. Watoto hawa wengi huchukua maneno kama yalivyosemwa, na wataingoja ahadi.

Huyo mtoto wako, nina hakika bado anaweza kupewa maelezo hayo hata sasa. Chuo kikimpata yule binti, mwombe picha na barua fupi, au aje mara moja kuaga kama inavyopaswa, ikiwa mama yake ataridhia.

Kabla hujakijibu chuo, ita wazazi wote. Waonyeshe ukurasa wa mtoto, kanuni za geti na simu, na orodha ya maswali utakayowauliza wanafunzi. Yule mzazi mwenye hasira mwombe aje siku ya mafunzo, awaambie vijana kwa kinywa chake kile alichokuambia wewe. Hakuna utakachowafundisha kitakachowaingia zaidi ya hicho. Halafu andika barua kwa chuo: wanafunzi kumi na sita, tarehe za mafunzo, msimamizi anayefika, nauli, na saini kwa mahudhurio. Wakikataa masharti, bora likizo ipite na wanafunzi wanne wa kweli na watoto wanne watakaofaidika, wengine uwashike mwenyewe na walimu wenzako. Na mzazi atakayesikia yote hayo na bado asitake mwanafunzi wa chuo kwa mtoto wake, mtoto huyo aje kwenye programu kama wenzake na akae na mwalimu, bila kupunguziwa kitu na bila mzazi kuombwa mara ya pili.

Shangazi